Imekataa, Bwana

Wangemwita mlevi, Mwinshehe Kondo angecheka, maana hata ladha ya tembo la mnazi hakuijua. Wangemwita mwizi, angewafungulia nyumba yake ya Temeke wapekue mpaka uvunguni mwa kitanda. Lakini kuandikwa kwamba alikataa kazi, tena kazi ya injini, yeye aliyechelewa kwenye harusi yake mwenyewe kwa sababu ya kabureta ya lori, hilo lilimkaa kooni lisishuke. Na kilichomfikisha hapo hakikuwa kitu kikubwa. Kilikuwa herufi moja, ya mbele ya neno, ambayo mtoto wa Temeke wa miaka mitatu haikosei.

Ilikuwa mwaka wa arobaini na nane. Nje ya Temeke, kwenye njia ya Mbagala, kampuni moja ya wazungu ilikuwa imekata minazi ikatengeneza uwanja wa ndege, wa vumbi wakati wa kiangazi na wa tope wakati wa masika. Ndege zilikuwa mbili, zote za aina ya Anson, kuukuu za jeshi zilizonunuliwa vita vilipokwisha. Zilipakwa rangi nyeupe zikaonekana mpya kwa muda wa miezi mitatu, halafu jua likaibandua ile rangi na nambari za jeshi zikaanza kuchungulia. Mgongoni, pale alipokuwa akikaa mpiga bunduki, palizibwa kwa bati. Sasa zilibeba barua, vipuri na mameneja wa mashamba ya mkonge.

Mwinshehe alizijua tangu vitani. Miaka minne alihudumu kwenye viwanja vya jeshi huko Kenya. Aliingia akibeba madumu ya petroli, akatoka akifungua silinda na kuzifunga bila kuangalia kitabu. Aliyemfundisha ni sajini mmoja mzungu, mfupi, mwenye matusi mengi na roho nzuri, na siku ya kuagana sajini huyo alimwandikia barua ya mistari mitatu: kwamba mwenye barua hii anaweza kuachiwa injini peke yake. Barua hiyo ilikaa ndani ya kopo la biskuti nyumbani kwake, na mkewe Mwanaheri alikuwa akilifuta kopo vumbi kila Ijumaa.

Kwenye kampuni walimwandika spana boi. Alikuwa na miaka thelathini na sita na watoto watatu, mvi mbili tatu zimeshamtokeza, na bado ni boi. Aliyeitwa fundi alikuwa mzungu wa Nairobi aliyekuja mara moja kwa mwezi, akaweka sahihi kwenye kazi ambayo hakuigusa, akanywa chai, akaondoka. Na siyo sahihi tu. Magurudumu ya Anson hayajikunji yenyewe. Pembeni mwa kiti cha rubani kuna mkono wa chuma ambao lazima uzungushwe mara mia na arobaini na zaidi mpaka yapande, na mara hizo hizo mpaka yashuke. Mwinshehe alipata kupanda ndege mara nane katika maisha yake, na mara zote nane alipandishwa ili azungushe mkono ule, jasho likimtiririka, huku abiria waliokaa nyuma wakitazama bahari dirishani.

Hayo yote aliyameza. Alikuwa anaipenda kazi, na mtu anayeipenda kazi humeza mengi.

Injini ya Anson haikupangwa kama ya lori. Silinda zake saba zimekaa kwa duara, kama watu saba waliozunguka sinia moja la pilau. Waliokaa juu hawana shida. Wenye shida ni wa chini, wa nne na wa tano: ndege ikilala, oili hunyemelea taratibu, ikapita pembeni mwa pistoni na kujaa kwao. Na oili si hewa. Hewa ukiibana inabanika, oili haikubali. Pistoni ikija kwa kasi ikaikuta imejaa pale, kitakachopinda ni chuma.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla swichi haijaguswa, mtu husimama mbele ya ndege akayazungusha mapanga yake kwa mikono, polepole, akisikiliza. Watu wa Temeke waliyaita mapanga hayo pangaboi. Hata chuma hakikunusurika na jina hilo. Pangaboi likienda, heri. Likikwama, hulilazimishi, wala hulirudishi nyuma, maana ukilirudisha, oili hujificha kwenye bomba la hewa ikaja kukudhuru baadaye. Unafungua plagi za silinda za chini, oili inamwagika ndooni, unazungusha tena, unafunga. Kazi ya robo saa. Sajini alikuwa akimwambia kila siku kwamba injini haikatai bila sababu, wanaokataa bila sababu ni watu.

Sasa, rubani. Bwana Pelham alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, amekulia shambani Nakuru, na alijivunia Kiswahili chake kuliko alivyojivunia kuruka. Kiswahili chenyewe alikiokota jikoni kwa baba yake. Hakikuwa na jana wala kesho, mtu wala kitu. Kila kilichotendeka kilitiwa "na" mbele, kikaachwa hivyo. Mpishi nakuja, mbwa nakuja, mvua nakuja. Na watu, kwa adabu au kwa woga, hawakumsahihisha. Walikisia alichotaka kusema, wakafanya, wakamwachia aamini kwamba amesema.

Jumanne moja, saa moja na nusu asubuhi, Pelham alifika uwanjani amechelewa, ana haraka ya kwenda Lindi. Mwinshehe alikuwa ameshaanza na injini ya kushoto. Alivuta panga la kwanza, likaja. La pili likaja kwa uzito. La tatu likafika nusu ya njia likasimama kabisa. Aliweka kiganja juu yake, hakulisukuma. Alijua.

"Zungusha pesi pesi," Pelham alimwambia kutoka mlangoni mwa ndege.

"Imekataa, bwana," Mwinshehe alisema. "Oili imejaa chini. Ngoja nichukue spana ya plagi."

Akageuka akaenda zake bandani, hatua hamsini hivi, kwa mwendo wa mtu anayejua anachofuata. Alikuwa ameshaipata spana, anatoka nayo mlangoni, aliposikia injini ikikohoa. Alipiga kelele mara moja tu, "Bwana, usiwashe," lakini maneno hayo yalimezwa na mlio. Pelham alikuwa ameketi kwenye kiti chake na amebonyeza swichi. Silinda za juu zilishika moto, mhimili ukazunguka, pistoni ya tano ikaja mbio ikaikuta oili. Ulitoka mlio mmoja mkavu, halafu kelele ya chuma kinachogonga chuma, halafu kimya, na moshi mweupe ukapita juu ya bawa.

Mwinshehe alisimama na spana yake mkononi. Machozi yalimlengalenga, na hakuona haya. Injini ile aliifunga kwa mikono yake mwezi wa Ramadhani, akiwa na saumu.

Pelham aliteremka akiwa mwekundu. Alipita moja kwa moja kwenda ofisini kwa meneja, Bwana Truscott, na kabla ya saa sita mchana taarifa ilikuwa imeshapigwa taipu.

Aliyeipiga taipu ni karani, Gaudens, mtu wa Bukoba aliyesoma seminari akaacha, mpole, mwenye miwani na shati jeupe lisilopata doa hata siku za tope. Alimfuata Mwinshehe nyuma ya banda, akatazama huku na huku, akamsomea nakala kwa sauti ya chini. Kwamba boi aliamriwa kuzungusha mapanga. Kwamba boi alijibu kuwa anakataa. Kwamba boi alimpa rubani mgongo akaenda zake, na rubani, akiachwa peke yake, akalazimika kuwasha bila maandalizi. Kwamba kwa hiyo uharibifu wote ni wa boi.

"Nani kasema nimekataa?" Mwinshehe aliuliza.

"Bwana Pelham anasema alikusikia kwa masikio yake. Ulisema nakataa."

"Mie nilisema imekataa. Imekataa, bwana karani. Injini."

Gaudens alivua miwani akaifuta. "Ninajua, ndugu yangu. Hata nilipokuwa ninapiga taipu nilijua. Ni jambo la ngeli."

"Ngeli ndiyo nini?"

"Ni ile i ya mbele. Mtu ni a, injini ni i. Yeye herufi hizo hazisikii. Kwake yote ni na."

"Na wewe ukajua, ukapiga taipu hivyo hivyo?"

Gaudens alivaa tena miwani yake. Alisema tu kwamba mkaguzi wa ndege atafika kutoka Nairobi siku ya Ijumaa, kwa kuwa ndege ikiharibika lazima mkaguzi aione, na kwamba baada ya hapo Bwana Truscott ataandika kwenye kipande cha Mwinshehe, ile kadi yake ya kazi, maneno haya: alikataa amri, akaharibu injini. Kipande ndicho kila mwajiri alichokiomba kwanza kabla hata ya jina. Kwa maneno hayo, si bandarini, si reli, si gereji yoyote mjini ambayo ingemwachia Mwinshehe kushika hata tairi la baiskeli. Barua ya sajini ingebaki ndani ya kopo lake la biskuti, haina kazi.

"Nitakuwa mimi mkalimani," Gaudens alisema. "Lakini nina watoto, Bwana Mwinshehe, na nyumba ninayokaa ni ya kampuni. Usitegemee nitamwambia mzungu mbele za watu kwamba hajui Kiswahili."

Mwinshehe alimtazama mpaka yule mwingine akainamisha kichwa. Kama kuna kitu kilichomuudhi kuliko uongo wa Pelham, basi ni ukweli ule ulionyamaza ndani ya shati jeupe.

Jioni hiyo alipofika nyumbani alimkuta Mwanaheri amepiga magoti uani, anapuliza meko, moshi umemjaa machoni.

"Moto umekataa leo, Baba Hamisa," mkewe alisema. "Huyu muuza kuni kaniuzia kuni mbichi."

Mwinshehe alianza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka. "Basi iandikwe taarifa," alisema. "Andika Mwanaheri amekataa kupika."

"Una nini wewe?"

Akamweleza. Mwanaheri alisikiliza huku kipepeo cha kupepea moto kimesimama mkononi. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini alipokasirika kweli alipunguza.

"Huyo mzungu ana mke?" aliuliza mwishowe.

"Hana."

"Ndiyo maana. Angekuwa na mke na jiko lake angeshajua vitu vinakataa. Kufuli linakataa, uji unakataa, mtoto anakataa. Kila kitu kina kukataa kwake." Akaupiga moto kipepeo kwa hasira. "Muulize. Mwambie mbele ya huyo mkaguzi aseme mwenyewe hicho Kiswahili chake. Tumsikie."

Mwinshehe alilala na neno hilo siku mbili.

Ijumaa mkaguzi alifika. Alikuwa mzee mwenye tumbo na kofia ya jua iliyobonyea, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mwinshehe alimtazama mikononi kabla ya usoni, akaona kucha zenye weusi ule usiotoka kwa sabuni yoyote duniani. Akapata nguvu kidogo.

Kikao kilifanyika bandani, pembeni mwa injini ya kushoto, ambayo ilikuwa imeshateremshwa ikawekwa juu ya vyuma. Bwana Truscott alikaa nyuma ya meza, Pelham akakaa pembeni yake amekunja nne, Gaudens akasimama katikati. Mwinshehe hakupewa kiti. Taarifa ilisomwa. Mkaguzi akauliza swali moja, na Gaudens akaligeuza: "Anauliza, ulikataa?"

"Injini ndiyo iliyokataa," Mwinshehe alisema. "Mie nilikwenda kuchukua spana."

Gaudens alitafsiri. Pelham akatabasamu, akamwambia mkaguzi kwa Kiingereza maneno ambayo karani aliyageuza kwa sauti isiyo na chumvi: kwamba yeye amezaliwa na kukulia na watu hawa, kwamba Kiswahili anakijua tangu hajaota meno, na kwamba boi alisema nakataa, waziwazi.

Mwinshehe alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni. Alijikaza. Aliongea polepole, kama anavyovuta panga.

"Bwana karani, mwombe Bwana Pelham, kwa heshima zote, atusaidie. Atuambie kwa Kiswahili: yule boi amekataa."

Gaudens alimtazama Truscott kwanza. Akatafsiri.

Pelham aliona ni mchezo mdogo. "Boi nakataa," alisema.

"Ahsante. Sasa mwombe aseme: ile injini imekataa."

"Injini nakataa," Pelham alisema, bado anatabasamu.

Mkaguzi hakujua neno hata moja kati ya yale, lakini masikio alikuwa nayo. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika kitu kwenye daftari lake jinsi alivyokisikia, akaandika kingine chini yake, akavitazama. Halafu akapigia mstari neno la mwisho mara mbili. Pelham aliona mstari ule, na tabasamu likaanza kumtoka.

Mkaguzi alimgeukia Gaudens akamuuliza kwa upole. Swali halikuhitaji kutafsiriwa. Mwinshehe alilijua kwa macho. Alikuwa anamuuliza karani, wewe ni mtu wa lugha hii, je, ni neno moja au ni mawili?

Gaudens alivua miwani. Aliificha mikono yake nyuma ya mgongo. Bwana Truscott alikuwa akimkazia macho. Mwinshehe alimwona yule mtu akitazama sakafu, akitazama mlango, na alisema moyoni, kwisha kazi, atanyamaza tena. Kisha Gaudens akaongea, kwa Kiingereza, muda mrefu, na alipomaliza aliyarudia kwa Kiswahili kama vile anataka Mwinshehe awe shahidi wake.

"Nimemwambia ni mawili. Mtu hukataa kwa a, injini hukataa kwa i. Hakuna Mswahili anayeyachanganya, hata mtoto, hata kichaa. Nimemwambia pia kwamba siku ile nilikuwa dirishani, na nilikuona ukitoka bandani na spana mkononi kabla injini haijawashwa. Aliyekataa kazi hafuati spana."

Alifuta jasho kwa mkono wa shati, na shati likapata doa.

Pelham alisema kitu kwa haraka. Mkaguzi alimnyamazisha kwa kidole. Kisha akasema, na karani akageuza: "Anasema maneno ni maneno. Anataka kuona chuma."

Hapo Mwinshehe hakuhitaji mkalimani. Alichukua spana, akapiga goti mbele ya injini yake, akaanza kulegeza nati za silinda ya tano moja moja, kwa mpishano, kama sajini alivyomfundisha. Mzee naye akavua koti, akalitupa juu ya meza ya Truscott, akapiga goti upande wa pili akashika silinda ili isiteleze. Mmoja alinyoosha mkono, mwingine akampa kitambaa. Silinda ilipotoka, oili nzito nyeusi ilimwagika ikawalowesha magoti wote wawili, na ndani yake pistoni ilikuwa imekaa upande. Mwinshehe aliifuta konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Ulikuwa umepinda kama kiwiko.

Mzee aliupitishia kidole kutoka chini mpaka juu. Akaguna. Akamtazama Pelham muda ambao Mwinshehe aliuona mrefu na mtamu, akasema sentensi moja fupi.

"Anasema injini hii ilikataa," Gaudens alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na chumvi. "Anasema ilikataa kwa haki, na aliyeilazimisha ni aliyebonyeza swichi."

Mkaguzi aliandika yake mwenyewe, akatia sahihi. Kisha akamuuliza Gaudens huyu mtu ni nani hapa, na Gaudens alipomjibu, mzee alirudia maneno hayo, spana boi, akatikisa kichwa, akaenda nje kutafuta maji ya kunawa. Kazi yake ilikuwa imeisha. Mambo ya kampuni yalibaki kwa kampuni.

Ingekuwa kuna haki inayotembea kwa miguu yake, ingebaki pale bandani. Lakini mzee alipotoka nayo ilitoka. Bwana Truscott alikung'uta oili iliyomrukia kwenye karatasi zake, akashauriana na Pelham kwa dakika mbili tatu, kisha akatoa uamuzi, na Gaudens akaugeuza akiwa ametazama ukutani.

"Anasema palitokea kutoelewana. Anasema kutoelewana huko kumeletwa na namna wenyeji wanavyosema mambo kwa kuzunguka, badala ya kusema moja kwa moja. Yale ya kukataa amri hayataandikwa. Utarudi kazini Jumatatu. Lakini umwombe radhi Bwana Pelham kwa kumpa mgongo bila ruhusa, na kuanzia sasa useme naye kwa maneno anayoyaelewa."

"Rudia hapo mwisho."

"Useme naye kwa maneno anayoyaelewa."

"Yaani niseme nakataa."

Gaudens alizidi kuutazama ukuta.

"Na yeye ataniomba radhi kwa uongo wake?"

"Hawakusema."

"Na kwenye kipande wataandikaje?"

Karani aliuliza, akajibiwa. "Spana boi. Alionywa."

Mwinshehe aliwatazama wale watu wawili. Pelham alikuwa ameshaanza kutafuta kiberiti chake mifukoni, jambo limekwisha, siku imeshakuwa siku nyingine. Alimwona jinsi Jumatatu atakavyosimama mlangoni mwa ndege, zungusha pesi pesi, na yeye Mwinshehe amwambie nini? Aseme injini nakataa, mvua nakataa, mie nakataa, mpaka na watoto wake waje kusema hivyo? Aliwaza juu ya silinda saba zilizolala wazi pale juu ya vyuma. Angeweza kuzirudisha katika siku nne. Alijua hasa konrodi mpya ingekaa wapi na angeikaza kiasi gani. Na kwa kuwa aliipenda injini ile, kilichofuata kilimuuma, na hakujidai kwamba hakikumuuma.

Alifuta mikono yake kidole kwa kidole. Akaiweka spana ya kampuni juu ya meza, taratibu, juu ya karatasi za Truscott, ili iache alama.

"Bwana karani, tafsiri vizuri, usipunguze. Waambie siku ile ilikataa injini. Leo nimekataa mie. Radhi siombi, na Jumatatu siji. Waambie wasikilize ile herufi ya mbele, maana nimeisema kwa makusudi."

Gaudens alitafsiri. Hakupunguza, Mwinshehe alijua kwa jinsi shingo ya Truscott ilivyobadilika rangi. Meneja alinyoosha mkono, akaomba kipande, akachovya kalamu, akaandika kwa nguvu mpaka karatasi ikakwaruza. Mwinshehe alikichukua, hakusubiri wino ukauke.

Gaudens alimfuata mpaka kwenye kona ya uwanja, pale minazi ilipoanza, akiwa na doa lake kwenye mkono wa shati. Alimwonyesha kwa kidole maneno mawili kwenye kipande, akamsomea. Akampa mkono, na Mwinshehe akaupokea.

Nyumbani, Mwanaheri alikipokea kipande akakigeuza huku na huku. Hakusoma Kiingereza, wala yeye Mwinshehe hakukisoma cha kutosha, lakini maneno yale mawili Gaudens alikuwa amemwonyesha.

"Wameandika nini?" Mwanaheri aliuliza.

"Alikataa kazi."

Mwanaheri aliketi chini. Siku zote nne alikuwa ameomba maneno hayo yasiandikwe, na sasa alikuwa ameyashika mkononi. "Si mkaguzi alikupa haki?"

"Aliipa injini."

"Na wewe?"

"Mie nilikataa, Mama Hamisa. Mie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Walitaka niombe radhi."

Mkewe alihesabu moyoni yale ambayo mke huhesabu. Halafu alinyanyuka, akalichukua lile kopo la biskuti, akalifungua, akakiweka kipande juu ya barua ya sajini, akalifunga kwa kiganja.

"Basi safari hii," alisema, "wameandika kweli."